Na kwa Jirani Imepita?

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu, mwambie, "Mimi kwangu inafanya kazi." Nimewahi kuona mzazi akimwambia mbele ya mkutano mzima kwamba suruali yake imepasuka nyuma, naye akacheka kuliko wote, akafunga koti kiunoni na mkutano ukaendelea. Lakini maneno hayo manne hakuyavumilia. Alikuwa anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anairudisha, halafu anauliza polepole: "Na kwa jirani?"

Alianza kutuuliza hivyo darasani. Ukimaliza zoezi lako kwenye kompyuta ya shule, hapati tabu hata ya kulitazama. Nenda kalijaribu kwenye mashine ya mwenzako, likipita huko ndipo uje kwake. Mimi nilikuwa mvivu wa kuinuka, na siku moja alinirudisha mara nne mpaka nikalia kwa hasira. Sasa nina saiba yangu hapa Garsen, karibu na steji ya mabasi ya Lamu, kompyuta tano na mashine moja ya kutoa kopi, na bado nikimaliza barua ya mteja nasikia lile swali sikioni. Mtu huyo alinikalia kichwani bila kulipa kodi.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyelima utotoni, na flashi yake aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mfukoni hakuiweka kwa sababu, alisema, mfuko ni wa kupotezea vitu. Alikunywa maziwa tu. Huyu Mpokomo wa mtoni hakuweza kuanza siku bila maziwa ya akina mama wa Kiorma sokoni, na Daktari wa mifugo, ambaye ni Muorma wa hukohuko malishoni, hakuacha kumtania. "Mwalimu, ndizi zenu ziko wapi? Mbona unamaliza haki ya ndama wetu?" Mwalimu alijibu kwamba ndizi anazila jioni, ng'ombe wasiende kuzikanyaga mchana. Walitaniana hivyo miaka yote niliyowajua, na sijawahi kuona hata mmoja akikasirika.

Kwa watu alikuwa mpole, kwa vyombo alikuwa mkali ajabu. Mashine yangu ya kopi ilipomeza karatasi aliitukana kwa Kipokomo kwa muda mrefu, mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaona haya, akatoka nje. Huyohuyo ndiye aliyetengeneza programu yenye adabu kuliko programu zote nilizowahi kukutana nazo.

Programu yenyewe ilikuwa kompaila. Kwa asiyeijua: wewe unaandika maagizo kwa maneno ya binadamu, kompaila inayageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Mwalimu alitaka watoto wa Tana River waandike maagizo hayo kwa Kiswahili. Waandike *ikiwa*, waandike *la sivyo*, waandike *rudia*. Lugha hiyo akaiita Jembe, na Daktari akauliza upesi kwa nini haikuitwa Fimbo. Ukikosea katika Jembe, mashine haikurushii maneno mekundu ya kutisha. Inakuambia: "Samahani, mstari wa saba sijauelewa. Hebu tuusome tena pamoja." Nilipomuuliza kwa nini kompyuta imwombe mtoto msamaha wakati mwenye kosa ni mtoto, alisema, "Wa kumfokea tuko wengi. Hii iwe ya kumsaidia."

Kazi hiyo ilimchukua miaka minane, baada ya saa za shule na wakati wa likizo, kwenye kompyuta moja ya mkononi iliyokuwa kuukuu tangu siku aliyoinunua. Na kwa sababu yeye ndiye yule wa "na kwa jirani", aliandika pia skripti, yaani programu fupi, ya kuipima kompaila. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo arobaini na moja, kila moja na jibu lake linalojulikana. Skripti inaziendesha zote, inalinganisha majibu, inasema "imepita" au "imeanguka". Kila jaribio lilizaliwa na kosa fulani la zamani. Lilikuwepo jaribio la kuku, kwa sababu siku moja Jembe ilihesabu kuku na kupata nusu kuku. Lilikuwepo jaribio la nzige, na lingine la mchele wa shangazi yangu, ambalo nimekatazwa kulieleza. Watu wengine hujaribu kusahau makosa yao. Mwalimu aliyapa majina, akayaita asubuhi kama anaita orodha ya darasa.

Nimesema alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kipite kwa jirani, lakini kwenye jambo moja alikuwa kichwa ngumu kuliko punda: saa. Sisi hapa, kama Waswahili wote, jua likishapanda tunaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili. Kompyuta inapoandika kumi, sisi tunasema saa nne. Kila mtu amezoea. Hata saa ya mkono ya Mwalimu ilikuwa ya mishale ya kawaida, akaisoma upande wa pili kama wote tunavyosoma. Kompyuta tu ndiyo iliyomshinda. "Saa ya mkono inaonyesha tu, haisemi," aliniambia. "Hii inaniandikia kwa tarakimu kwamba ni saa kumi, na mimi najua ni saa nne. Mmoja wetu ni mwongo, na mimi si yeye." Basi akairudisha saa ya kompyuta yake nyuma kwa saa sita. Alfajiri ikipita ikaandika moja, mbili, tatu, naye akaridhika. Nilicheka, nikasahau.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, alikwenda kwa Mkuu wa chuo cha ufundi kumwomba Jembe ifundishwe pale. Mkuu ni mtu wa haki lakini hana maneno mengi. Chuo kilikuwa kimepewa kompyuta za msaada kutoka huku na huku, kila moja na ukoo wake. Nyingine zilikuwa na mfumo endeshi wa Windows kama zangu, nyingine Mac kama ya Daktari, nyingine Linux kama ya Mwalimu mwenyewe. "Sitaki darasa ambalo nusu wanaandika na nusu wanatazama," Mkuu alisema. "Nionyeshe inapita kwenye aina zote tatu kabla ya muhula kufunguliwa. Ikishindwa nitaagiza masomo ya nje kama vyuo vingine." Mwalimu alitoka pale moja kwa moja hadi kwangu, akaketi mashine ya tatu, ile ya pembeni ambayo kibodi yake inakwama herufi ya N, na akaniambia, "Ikianguka, mwanangu, miaka minane itabaki humu kwenye flashi." Aliishika ile flashi kifuani kama mtu anayepima moyo wake. Hapo ndipo nilipoogopa, maana sikuwa nimewahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

Siku ya kwanza tulipoendesha skripti kwenye Windows yangu, haikuanza hata kidogo. Ilikuwa imeandikwa kwa amri za Linux, na mashine yangu haikuzijua. Akaiandika upya kwa lugha ambayo ipo kwenye mashine zote tatu. Ikaanza, majaribio yote arobaini na moja yakaanguka. Majibu yalikuwa sahihi, ukiyatazama kwa macho yanafanana kabisa, lakini Windows huweka alama mbili zisizoonekana mwisho wa kila mstari pale wenzake wanapoweka moja. Mwalimu alipogundua alishangilia kama amefunga goli. Kisha ikaja njia ya mafaili, yaani anwani ya faili ndani ya mashine: mfumo mmoja unaitenga kwa kistari kilichoinama kulia, mwingine kushoto. Kisha ikaonekana kwamba faili likikosekana, kila mfumo unalalamika kwa maneno yake mwenyewe. Mwalimu aliifundisha Jembe kusema kwa maneno yake kote kote: "Faili hilo sijaliona. Umeliweka wapi?"

Zilikuwa siku nzuri mno. Wateja wangu walizoea kumkuta, wengine wakamletea maziwa. Akiona jaribio limepita anagonga meza mara moja kwa kidole. Mama mmoja aliyekuja kupiga picha za kitambulisho aliniuliza yule mzee anagonga nini, nikamwambia anahesabu kuku, na sikuwa nimedanganya sana.

Lakini palikuwa na jambo moja lililotuchosha. Kuijenga kompaila upya kwenye mashine zangu kulichukua robo saa nzima. Kwa hiyo Mwalimu aliiambia skripti hivi: kabla ya kuanza, tazama saa ambayo maandishi niliyorekebisha yaliandikwa na saa ambayo kompaila ilijengwa. Maandishi yakiwa mapya, jenga upya. Yakiwa ya zamani, tumia kompaila iliyopo. Hapo hakuna ubaya. Ila mara nyingi Mwalimu alirekebisha kosa nyumbani kwake asubuhi, akaja mbio na flashi shingoni, na kosa likabaki lilelile. Akarudi, akarekebisha tena, likabaki. Akilirekebisha jioni na kulileta kesho yake asubuhi, likapita. Tulitafuta sababu mpaka tukachoka. Mwisho Mwalimu, mtu wa hesabu, msomi wangu mimi, akatoa uamuzi kwamba Windows inataka kulala na mabadiliko usiku mmoja kwanza. Nami nikamwamini. Nilianza hata kuwashauri wateja.

Siku aliyopanga Mkuu ilikuwa Jumatano, siku ya soko la mifugo. Angefika saa nane mchana. Lilikuwa limebaki jaribio moja tu linaloanguka kwenye Windows, la thelathini na tatu, la kugawanya. Mwalimu alilirekebisha nyumbani asubuhi, akaja, likaanguka. Akarudi nyumbani, ni mwendo wa dakika kumi, akaja tena, likaanguka. Mara ya tatu alikuja na bodaboda, yeye ambaye alisema bodaboda ni za watu waliochelewa kuamka. Likaanguka. Aliketi kwenye ile mashine ya tatu, mikono juu ya magoti. "Halijalala," alisema. "Mkuu anakuja leo, na lenyewe halijalala." Nilikwenda kumpashia maziwa.

Daktari wa mifugo aliingia akitoka sokoni, vumbi hadi kwenye kope, na Mac yake ndani ya mfuko wa dawa. Alikuja kila Jumatano, na kila Jumatano majaribio yalipita kwake bila shida. Alichukua ileile flashi, akaichomeka, akaendesha skripti. Mashine yake ikajenga kompaila upya, na arobaini na moja yote yakapita, pamoja na lile la thelathini na tatu.

"Flashi ni moja," nikasema. "Kwangu linaanguka, kwake linapita."

Daktari alikuwa ameinamia orodha ya mafaili. "Mwalimu," akasema, "alfajiri ya saa kumi ulikuwa unafanya nini macho?"

"Nilikuwa nimelala."

"Faili hili linasema liliandikwa saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri."

Mimi nikasogea kutazama. Limeandikwa 4:12. "Hapana, Daktari," nikamwambia, "hiyo ni saa nne na dakika kumi na mbili. Ni sawa kabisa. Ndipo alipotoka nyumbani mara ya tatu."

"Kwa mdomo ni saa nne. Kwa kompyuta, nne ni alfajiri. Mimi friji yangu ya chanjo inaandika saa za mashine, nikizisoma kwa mdomo ng'ombe wa watu watakufa. Niambie, kompaila iliyo kwenye mashine yako ilijengwa lini?"

Nilifungua nikaona. 8:50. Saa tatu kasoro kumi, asubuhi ileile, nilipofungua duka nikaijenga kwa maandishi ya jana.

Jamani. Skripti ilitazama maandishi ya 4:12, ikatazama kompaila ya 8:50, ikaamua kwamba maandishi ni ya zamani. Ikatumia kompaila ya zamani, yenye kosa la zamani, kila mara aliporekebisha. Akirekebisha jioni, hata ukitoa saa sita, saa yake ilikuwa imeipita ile ya kompaila, na kesho yake skripti ikajenga upya. Kwa Daktari ilipita siku zote kwa sababu kompaila yake ilikuwa ya Jumatano iliyopita. Na mimi niliiona ile 4:12 na ndugu zake pengine mara mia, nikaisoma saa nne, nikatazama jua nje, nikaona ni saa nne kweli. Mgeni asiyejua saa zetu angegundua siku ya kwanza. Sisi tuliokuwa wenyeji wa saa hiyo ndio tuliopofuka.

Mwalimu alivua miwani. Nilidhani anaifuta. Kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti kwanza, mabega tu, kisha kikatoka mpaka akashika kaunta yangu kwa mikono miwili. "Mimi," alisema akipata pumzi, "mimi, nimewarudisha watoto wa watu miaka thelathini kwa jirani. Na saa yangu haijawahi kwenda hata kwa mmoja." Daktari naye akaanza kucheka, na mimi, na mteja aliyekuwa anajaza fomu akacheka bila kujua kwa nini.

Tukaifuta kompaila ya zamani, tukajenga upya. Ile robo saa niliisimamia kama mtu anayesimamia sufuria ya maziwa. Majaribio yote yakapita. Mwalimu hakugonga meza. Aliketi tu akitazama, na nikaona amelowa macho, na sikumtania.

Mkuu alipofika saa nane, mashine zote tatu zilikuwa zimepangwa mezani, tayari. Mtu mwingine angebonyeza na kunyamaza. Mwalimu alianza kwa kumsimulia kosa lake, tangu mwanzo, na saa sita zake, na nadharia yake ya kulala, akaigiza hata alivyoshuka kwenye bodaboda. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nikimkonyeza anyamaze. Mkuu alisikiliza bila kucheka. Kisha akasema, "Ungenificha, nisingejua."

"Wanafunzi wako wangejua," Mwalimu alisema. "Nao pia wana saa zao."

Mkuu alitazama skripti ikiendeshwa kwenye mashine zote tatu, akasoma kila "imepita" kwa kidole. Akauliza kama kosa hilo limepata jaribio lake. Mwalimu akasema bado, lakini hatalala kabla halijapata. Muhula ulipofunguliwa Jembe ilikuwa kwenye kompyuta zote za chuo, na ipo hadi leo.

Jaribio lile ni la arobaini na mbili, na linaitwa *saa*. Skripti siku hizi haiulizi tena kitu kimeandikwa lini. Inalinganisha yaliyomo yenyewe, na yakiwa tofauti inajenga upya, saa iseme itakavyo. Ungedhani baada ya hapo Mwalimu angeirekebisha saa ya kompyuta yake. Hakuirekebisha. Alisema sasa hana sababu, skripti imekwisha mvumilia.

Alistaafu, akarudi kijijini kwao Hewani kwenye migomba na mchele wake, na maji ya mto yakijaa hatukuonana kwa miezi. Nilipata habari zake kwa Daktari, ambaye humpelekea maziwa akipita upande huo na kurudi na mikungu ya ndizi, wote wawili wakidai hawajazoeana.

Mwezi uliopita aliingia dukani. Alikuwa ametoka hospitali kutazamwa macho, bado yametiwa dawa, anaona ukungu tu. Amekonda, lakini kamba ya kiatu ilikuwa shingoni. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye mashine ya tatu, na alipogusa kibodi akatafuta herufi ya N, akaibonyeza, ikakwama, akafurahi.

"Jembe mpya," alisema akivua flashi. "Nimeongeza mambo mawili. Endesha, unisomee. Sioni kitu."

Nikaendesha. Nikamsomea moja baada ya moja. Kuku, imepita. Nzige, imepita. Mchele wa shangazi, imepita. Kwa kila moja aligonga meza kwa kidole, naye akihesabu kimoyomoyo, kwa sababu nilipofika mwisho alisema arobaini na mbili kabla yangu.

Kisha akageuza uso upande wangu, na nilijua anachotaka kuuliza hata kabla hajafungua mdomo.

"Na kwa jirani?"

"Mwalimu, mashine hii uliyokalia inasema ni saa ngapi, unadhani?"

Akafikiri. Nje mabasi ya asubuhi yalikuwa yamekwisha ondoka. "Itasema kumi na kitu."

"Inasema nne na robo," nikamwambia. "Nimeirudisha nyuma saa sita tangu ulipoondoka. Kila toleo jipya la chuo napima kwenye mashine zangu nne, halafu napima hapa. Jirani ni wewe."

Alipeleka mkono mpaka akaipata skrini, akaigusa pale pembeni chini ambapo saa huandikwa, kama vile angeweza kuisoma kwa kidole.

"Nisomee tena," alisema, "ile ya mwisho."

Nikamsomea. Saa, imepita. Akagonga meza, kisha akaomba maziwa.